Kutoa mwezi mmoja kwenye tarehe: 31 Machi yanipa 3 Machi, kulikoni?

Langoni_PHP · #1

Assalamu alaykum wana jukwaa. Mie niko Lamu, nashughulikia mfumo wa buking wa gesti moja hapa Shela, mfumo wenyewe nimeukuta, aliyeuandika keshaondoka na hakuacha maelezo hata mstari. Umeandikwa kwa PHP, lugha ya programu. Sharti la gesti ni mgeni alipe salio lote mwezi mmoja kabla ya siku ya kuingia, asipolipa chumba chapewa mwengine. Mfumo ndio wapiga hesabu ya hiyo siku ya mwisho na kumtumia meseji. Mstari ni huu (P1M ni mwezi mmoja):

    $mwisho = $kuingia->sub(new DateInterval('P1M'));

Miezi mingi hakuna neno. Sasa nimejaribu kuingiza tarehe za mwisho wa Machi 2025 nione, majibu haya hapa:

    28 Machi  ->  28 Februari
    29 Machi  ->  1 Machi
    30 Machi  ->  2 Machi
    31 Machi  ->  3 Machi
    1 Aprili  ->  1 Machi

Tazama mstari wa mwisho na ule wa juu yake. Anayeingia 1 Aprili atakiwa alipe 1 Machi, na anayeingia siku moja kabla yake ana mpaka 3 Machi!! Yaani anayekuja mbele alipa nyuma. Tajiri kaniuliza nikakosa la kumwambia. Nikaweka mwaka 2024, ile 31 Machi ikanipa 2 Machi. PHP ina kasoro ama ni vipi?

mgemaTech · #2

Weka P30D badala ya P1M umalize kazi. Mwezi ni siku 30 bwana.

Bintibahari · #3

Langoni, PHP haina kasoro hapo, imefanya vile ilivyoandikiwa, ila ilivyoandikiwa ndivyo wengi hatukutarajia. Ikiambiwa itoe mwezi yachukua namba ya mwezi, 3, yatoa 1, yapata 2, na siku yaiacha vile vile 31. Kwa hivyo mkononi ina "31 Februari 2025". Siku hiyo haiko, lakini PHP haikatai wala hailalamiki, yaanza kuhesabu: Februari 2025 ina siku 28, zimezidi siku tatu, basi hizo tatu zamwagikia Machi. Ndio ile 3 Machi yako. 2024 Februari ilikuwa na 29 zikazidi mbili, ukapata 2 Machi. Na haiko Februari tu, toa mwezi kwenye 31 Mei itakupa 1 Mei kwa sababu Aprili haina 31. Umetoa mwezi mzima na bado uko mwezi ule ule, kila mwezi wa siku 31 ambao nyuma yake pana mwezi mfupi utakufanyia hivyo.

Na mgema, P30D yaondoa ule mpangilio wa ajabu, hapo kweli, lakini yaleta mengine. Mgeni wa 1 Machi 2025 utamwambia siku yake ya mwisho ni 30 Januari, na yeye kwenye karatasi kasoma "mwezi mmoja kabla", atakuja 1 Februari na pesa zake mkononi akuulize chumba kimekwenda wapi. Wa 15 Agosti utampa 16 Julai. Siku 30 ni muda mwengine na mwezi ni muda mwengine, gesti haikuandika siku 30.

mgemaTech · #4

Waandike siku 30 basi 😂 karatasi si yao? Kubadilisha karatasi ni rahisi kuliko kubadilisha mfumo.

karani_wa_hesabu · #5

Mimi si mtu wa programu, ni karani, lkn uzi huu umenigusa maana hizi tarehe ndio kazi yangu kila mwisho wa mwezi. Kwenye Excel natumia EDATE, nikiweka 31/3/2025 na -1 yanipa 28/2/2025 moja kwa moja, hainipeleki Machi kabisa. Sasa nauliza kama mtu asojua, mashine mbili, swali moja, majibu mawili, nani amwambie tajiri ukweli?

Bintibahari · #6

Karani swali lako ndio lenyewe hasa. Zote mbili ni sawa maana hakuna sheria ya hesabu inayosema 31 Februari ifanywe nini, kila chombo kimejichagulia. Kuna kambi mbili.

Kambi ya kumwaga, zile siku zilizozidi zaingia mwezi wa mbele: PHP hii, na JavaScript nayo, ukiwa na 31 Machi 2025 ukafanya setMonth ya mwezi uliopita utapata 3 Machi kama Langoni. (JavaScript yahesabu miezi kuanzia 0 mpaka 11, Machi ni 2, hapo peke yake pamewaliza wengi.)

Kambi ya kubana, siku ikizidi yarudishwa kwenye siku ya mwisho ya mwezi ule: Excel na EDATE yako, databesi za MySQL ukitumia DATE_SUB na Postgres ukitoa interval ya mwezi mmoja, Java na minusMonths yake. Hizi zote 31 Machi 2025 zitakupa 28 Februari.

Halafu kuna Python ambayo imekaa kando. Ile timedelta yake ina wiki, siku, masaa, dakika, sekunde, mwezi haumo kabisa, mwaka pia haumo. Ukitaka mwezi waitafuta maktaba ya dateutil utumie relativedelta, nayo yabana. Ukijifanya mjanja ubadilishe namba ya mwezi kwa replace, 31 Februari itakutupia ValueError usoni. Mie napenda hivyo. Heri chombo kikatae wazi kuliko kunyamaza na kukupa tarehe ya uwongo ukaituma kwa mgeni.

Langoni, databesi yako ni MySQL? Angalia kama kuna ripoti inayotoa mwezi kule kule ndani ya databesi. Kama iko, basi meseji yasema 3 Machi na ripoti yasema 28 Februari, kwa mgeni yule yule.

Langoni_PHP · #7

Subhanallah. Iko. Ripoti ya mapokezi imeandikwa kwa DATE_SUB. Ndio maana wa mapokezi na wa meseji hawaelewani kila ikifika mwisho wa Machi, mie nikidhani ni watu wenyewe tu hawapendani.

mwalimu_wa_chuo · #8

Vijana nawasoma hapa nacheka peke yangu. Hili mnaloliona jipya sisi twasomesha kila siku. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo ni ya mwandamo, mmoja huwa siku 29 mwengine 30, hakuna wa 31. Mtu akichukua kalenda ya ukutani akahesabu miezi minne na siku kumi atapitisha, aweza kufika 130 na zaidi, na kwa mwandamo mara nyingi huangukia kama 128. Mwenye kuhesabu lazima kwanza aseme anahesabu mwezi upi. Na mabaharia wetu wa zamani walikuwa na hesabu ya tatu, wao mwezi hawakuutaka kabisa, walianzia Nairuzi, mwaka mpya wao, wakahesabu siku kwa miongo, kumi kumi, mpaka 365, wakajua kaskazi yapoa lini na kusi laanza lini. Mwezi ungewapotosha maana mwaka wa mwandamo ni siku 354 au 355, kila mwaka warudi nyuma, pepo hazirudi nyuma.

mgemaTech · #9

Shikamoo mwalimu. Yaani mabaharia walitumia P30D kama mimi 😎

mwalimu_wa_chuo · #10

Marahaba. P10D, kama nimefahamu vizuri hizo herufi zenu.

Bintibahari · #11

😂😂 umefahamu sawasawa mwalimu. Na hapo kwa "miezi minne na siku kumi" umenikumbusha jambo moja, ukiwa na miezi na siku pamoja mpangilio wa kutoa wabadilisha jibu. Chukua 31 Machi 2025, toa mwezi mmoja na siku moja, kwa kubana. Ukianza na mwezi wapata 28 Februari, kisha siku, 27 Februari. Ukianza na siku wapata 30 Machi, kisha mwezi, 28 Februari. Tarehe moja, kiasi kimoja, majibu mawili. Amua mpangilio mmoja, uandike mahali, usiwe waugeuza.

Jengine, kutoa na kurudisha si kama pesa. 31 Januari ukiongeza mwezi kwa kubana ni 28 Februari, ukitoa huo mwezi wapata 28 Januari, zile siku tatu zimepotea jumla. Ndio maana kwa malipo ya kila mwezi usitoe kwenye jibu la jana. 31 Mei toa mwezi, 30 Aprili, toa tena kwenye hiyo 30 Aprili, 30 Machi. Lakini 31 Mei ukitoa miezi miwili kwa mpigo ni 31 Machi. Siku zote rudi kwenye tarehe ya asili utoe 1, 2, 3 kutoka pale.

Langoni_PHP · #12

Haya nimekaa na tajiri. Nimempangia majibu matatu kwenye karatasi, la kumwaga, la kubana na la siku 30, nikamwambia chagua. Hakusita, kasema mgeni wa 31 Machi alipe mwisho wa Februari, mwezi ni mwezi, na mambo ya siku 30 hayataki maana mawakala keshawapa masharti yamechapishwa. Kwa hivyo ni kubana. Sasa kwenye PHP nabana vipi? Carbon, ile maktaba ya tarehe ya PHP, siwezi kuiweka, mfumo ni wa kizamani sana, nikigusa kitu kimoja vitatu vyaanguka.

Bintibahari · #13

Kwa wenye Laravel ama Carbon jibu ni neno moja, subMonthNoOverflow. Wewe bila hiyo fanya hivi: nenda siku ya kwanza ya mwezi uliopita, maana tarehe 1 iko kila mwezi haiwezi kumwagika, uliza mwezi ule una siku ngapi, kisha chukua ndogo kati ya siku ya mgeni na hiyo.

    function mweziMmojaKabla(DateTimeImmutable $t) {
        $siku   = (int) $t->format('j');
        $kwanza = $t->modify('first day of previous month');
        $zote   = (int) $kwanza->format('t');
        return $kwanza->setDate(
            (int) $kwanza->format('Y'),
            (int) $kwanza->format('n'),
            min($siku, $zote)
        );
    }

Januari kurudi Disemba mwaka uliopita itajifanya yenyewe, usiishughulikie.

Na hapo nimeweka DateTimeImmutable (tarehe isiyogeuzwa) makusudi. Rudi kwenye mstari wako wa #1. Kama $kuingia ni DateTime ya kawaida, sub haikupi tarehe mpya pembeni, yaigeuza ile ile uliyonayo. Baada ya mstari ule $kuingia na $mwisho ni kitu kimoja chenye majina mawili, na tarehe ya kuingia ya mgeni imepotea. Hebu angalia mistari ya chini yake, kama pana mahali meseji yataja "karibu tarehe fulani" itakuwa yataja tarehe ya kulipa.

Langoni_PHP · #14

Aliyeandika kaweka clone (nakala) juu yake, alhamdulillah, hilo alilijua. Ila kuna faili nyengine ya boti haina clone, ntaitazama.

maweni_mld · #15

Salamu kutoka Malindi. Nyie wa Lamu mwahesabu miezi, huku sie shida yetu ni masaa, kwa sababu wageni wetu wengi Waitaliano na nyumba zetu nyingi zina sharti la "kughairi bure mpaka saa 24 kabla". Kenya saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, +3 ni +3, lakini wao Jumapili ya mwisho ya Machi wapeleka saa mbele na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wairudisha. Kwa hiyo tofauti yetu na wao ni masaa mawili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto. Siku ile ya Machi, kwao ina masaa 23 tu.

Chukua saa sita mchana ya 30 Machi 2025 kwa saa za Roma. Ukitoa P1D wapata saa sita mchana ya 29. Ukitoa PT24H wapata saa tano asubuhi ya 29. Siku moja si saa 24, siku hiyo. Mgeni akighairi saa tano na nusu asubuhi kwa saa zake, kwa kanuni moja arudishiwa pesa kwa nyengine hapati kitu, na barua pepe atakayoandika ataandika kwa Kiitaliano na kwa herufi kubwa 😅

Huku tumeamua hivi, sharti likiwa la masaa tunahesabu yote kwa UTC (saa ya msingi ya dunia) ndani ya seva, tarehe za kalenda tunahesabu kwa Africa/Nairobi maana nyumba iko hapa, mgeni tunamwonyesha kwa saa zake mwishoni kabisa.

Na angalieni ile T. P1M ni mwezi, PT1M ni dakika. Herufi moja tu. Nimeona mfumo uliokuwa ukimpa mgeni dakika moja kabla ya kuingia.

mgemaTech · #16

Maweni, "huku" ni Malindi mjini ama Shela? Maana Langoni naye kasema Shela.

maweni_mld · #17

Shela ziko mbili bwana, yetu na yao. Usianze vita hapa.

karani_wa_hesabu · #18

Na mimi niingize langu kuhusu kuhesabu kati ya tarehe mbili, maana kijana wetu wa kompyuta alituletea fomu ya bili, mgeni kaingia 1 Januari katoka 1 Machi, bili yasoma usiku 0. Sifuri! Na mgeni mwenyewe kakaa kimya kama maji ya mtungini.

Bintibahari · #19

Hiyo ni diff ya PHP. Ukitoa tarehe kwa tarehe yakupa kitu chenye vipande, miaka, miezi, siku, na ->d ni kile kipande cha siku kilichobaki baada ya kutoa miezi. Januari 1 mpaka Machi 1 ni miezi 2 na siku 0, kwa hiyo d ni 0. Jumla ya siku iko kwenye ->days, kwa mwaka 2025 itakupa 59. Kijana abadilishe herufi chache tu. Kwa wageni wa siku mbili tatu hamkuona kwa sababu d na days huwa sawa mpaka mwezi utimie.

Kwenye Python ukitoa date kwa date wapata timedelta, .days yake ni jumla, hakuna mtego huo. JavaScript yakupa milisekunde, utagawanya kwa 86400000, na ukigawanya tarehe zenye saa za Ulaya katikati ya lile badiliko la Maweni utapata nukta nukta, zungusha kwa Math.round.

Langoni_PHP · #20

Nimerudi na ile faili ya boti, na hii yataka uzi wake. Mgeni akishuka basi Mokowe, boti yamngoja, mfumo wamtumia nahodha meseji masaa matatu kabla. Nahodha kamwambia kijana wa mapokezi "saa mbili asubuhi", kijana kaandika 2:00. Mfumo kwake 2:00 ni saa nane usiku, ukatoa PT3H, ukapata 23:00 ya jana yake, meseji ikamfikia nahodha saa tano usiku kalala. Hesabu ya kutoa ni sahihi kabisa! Kilichoingia ndicho sicho.

mwalimu_wa_chuo · #21

Na umuulize pia akisema "usiku wa Ijumaa" ni upi. Kwetu siku yaanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jua likizama. Mfumo wenu utasema Ijumaa usiku, umempoteza mtu siku nzima.

Bintibahari · #22

Hapo hakuna kutoa wala kuongeza kutakakookoa. Msimwachie kijana sanduku tupu la kuandika saa. Wekeni orodha ya kuchagua: saa moja asubuhi, saa mbili asubuhi, mpaka mwisho, na nyuma yake mfumo uweke 07:00, 08:00. Kwa usiku onyesha tarehe mbili pamoja, "Alhamisi 27 kuamkia Ijumaa 28", mtu achague akiona. Na seva hakikisha ina

    date_default_timezone_set('Africa/Nairobi');

la sivyo kama iko UTC, kila buking ya kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kwetu itasomeka ni ya jana, halafu ukitoa mwezi wautoa kwenye tarehe ambayo siyo.

mgemaTech · #23

Na tarehe za kuzaliwa za wazee je, kwenye hati za kusafiria? Nilisikia Nairobi haikuwa +3 siku zote.

Bintibahari · #24

Kweli, zamani wakati wa mkoloni kuna kipindi ilikuwa +2:30, na kipindi +2:45, na orodha ya majira ya saa inayotumiwa na lugha nyingi yajua hilo. Ukihifadhi tarehe ya kuzaliwa ya mzee kama saa sita usiku ya Nairobi kisha ukaigeuza UTC kwa kutoa masaa matatu ya mkono na kuirudisha kwa orodha hiyo, yaweza kutua siku nyengine. Tarehe ya kuzaliwa ihifadhi kama tarehe tupu, bila saa, basi.

Langoni_PHP · #25

Nimeweka ile fanksheni ya #13 na ripoti ya DATE_SUB nimeiacha ilivyo, sasa zakubaliana. Nimepitisha 28, 29, 30, 31 Machi za 2025, zote 28 Februari, 1 Aprili yabaki 1 Machi. Nimejaribu 31 Mei, 30 Aprili. 31 Machi 2024, 29 Februari. 15 Januari 2026, 15 Disemba 2025.

Swali la mwisho kisha niwaache mlale. Kuna familia yakodi nyumba nzima mwaka kwa mwaka, mkataba wao ulianza 29 Februari 2024. Nikitaka kujua mwaka uliotangulia nitoe P1Y?

Bintibahari · #26

P1Y kwenye PHP itakupa 1 Machi 2023, MySQL itakupa 28 Februari 2023. Ugonjwa ule ule, dawa ile ile, badilisha tu hiyo fanksheni itoe miezi 12 badala ya mmoja, yaani mahali pa 'first day of previous month' weka 'first day of -12 months'. Ila hiyo usiandike kabla hujamuuliza mwenye nyumba na familia wamekubaliana 28 ama 1.

Langoni_PHP · #27

Mwenye nyumba yuko Mombasa, ntampigia kesho. Ahsanteni nyote, na mwalimu pia.